Dokta katoka kongamano la maumivu, kabadilisha dawa zote za mama. Tumwamini?

"Shikamoo dokta. Naishi Mbagala na mama yangu, ana miaka 58, ana kansa ya titi, alipasuliwa mwaka juzi ila sasa imeenda kwenye mifupa ya mgongo na nyonga. Alikuwa anachomwa sindano za diklo hapa duka la dawa mtaani karibu kila siku, na Panado juu yake, na bado usiku analia. Dokta anayemwona alienda kongamano la mambo ya maumivu siku tatu, kurudi tu akasimamisha diklo, akaandika mofini ya maji anywe kila baada ya masaa manne hata kama haumwi, na amitriptilini usiku. Duka la dawa wameniambia amitriptilini ni ya wagonjwa wa akili. Mjomba anasema mofini ni dawa ya kufia, na mama atakuwa teja, na kwamba madokta wanaenda kula posho huko kwenye makongamano halafu wanakuja kujaribia kwa wagonjwa. Leo siku ya tano, analala sana, na choo hajapata siku nne. Mwenyewe anasema anajisikia afadhali ila maneno ya watu yamemtisha. Mi nimeacha kumpa ile dozi ya usiku mpaka nijue. Nifanyeje?"

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza. Kabla ya maelezo yoyote kuna kitu nataka ukafanye sasa hivi. Nenda alipo mama, muite kwa sauti ya kawaida. Akifumbua macho, akakujibu, akajua wewe ni nani na leo ni siku gani, basi hata akisinzia tena baada ya hapo si mbaya. Kisha tazama kifua chake, hesabu pumzi kwa dakika nzima ukiangalia saa, usikadirie. Zikiwa 12, 14, 16, tulia. Zikiwa chini ya 8, au umemtikisa na haamki vizuri, acha kusoma, muwahisheni hospitali usiku huu huu na chupa ya dawa mwende nayo. La mwisho, muulize kuhusu miguu, kama ina nguvu kama juzi na kama mkojo unatoka kama kawaida. Hilo la miguu nitalirudia chini maana kwa mama yako ni kubwa kuliko mofini.

Kama umerudi na yuko sawa, tuongee sasa.

Naanza na hili la kujaribiwa, maana naona ndo linalowakosesha usingizi. Mama yako hajaribiwi. Mofini ilitolewa kwenye utomvu wa mmea wa mpopi na mfamasia wa Kijerumani aitwaye Sertürner mwanzoni mwa miaka ya 1800, na Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha yake ya kwanza ya dawa muhimu mwaka 1977 mofini ilikuwemo. Ule utaratibu wa kumpa mgonjwa kwa mdomo na kwa saa, bila kusubiri alie, shirika hilo hilo liliuandika kwenye mwongozo wa maumivu ya kansa mwaka 1986, na waliporudia mwongozo huo 2018 yale mawili yalibaki palepale, kwa mdomo na kwa saa. Kwaiyo dawa ni ya zamani na njia ni ya zamani, aliyebadilika ni dokta wenu, na mi nakwambia kwa moyo wangu wote nimefurahi kubadilika kwake.

Nikueleze kinachotokea kwenye makongamano haya maana nimehudhuria kadhaa, na nje watu wanadhani ni kula na kupiga picha tu. Kuna kipindi kimoja sikisahau. Mwezeshaji kauliza ukumbi mzima, nani ameandika mofini kwa mgonjwa hata mmoja mwaka huu, mikono ikanyanyuka ya kuhesabika. Akauliza kwanini. Kimya. Akasimama dokta mmoja mtu mzima, mvi kichwa kizima, akasema naogopa nitamuua mtu halafu niulizwe. Aliyemjibu alikuwa nesi wa mkoani, akasimulia wagonjwa wake anavyowapa, anaanzaje kidogo, anapandishaje, anaangalia nini, na yule mzee alikuwa anaandika kila neno kama mwanafunzi. Mchana wake tukafanya zoezi la vijiko. Tuliambiwa kila mtu aje na kijiko cha chai cha nyumbani kwake, tukajaza maji, tukayavuta na sirinji kuona kinabeba kiasi gani, kingine mililita 3, kingine 5, kipo kilichobeba karibu 7. Sasa fikiria ni dawa hiyo, leo mgonjwa anapewa na mtoto wake na kijiko hiki, kesho anapewa na dada wa kazi na kile. Tangu siku ile mgonjwa wangu haondoki bila sirinji. Na wewe kama unatumia kijiko kiache leo, nunua sirinji isiyo na sindano, na usome kwenye chupa imeandikwa miligramu ngapi kwa mililita ngapi, kwasababu mofini ya maji hutengenezwa kwa nguvu tofauti, ukibadilishiwa chupa ujazo uleule unaweza ukawa dozi nyingine kabisa. Miligramu na mililita ni vitu viwili.

Kuhusu posho na makampuni sitamkatalia mjomba moja kwa moja, kuna mahali ana haki. Marekani kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza vidonge vya OxyContin, dawa ya maumivu ya jamii moja na mofini, mwaka 1996, na kati ya mwaka huo na 2001 ikaandaa makongamano ya maumivu zaidi ya 40 kwenye mahoteli ya mapumziko Florida, Arizona na California, imewalipia kila kitu madokta, wafamasia na manesi zaidi ya 5,000. Waliambiwa huko hatari ya uraibu ni ndogo sana. Watu wakaandikiwa vidonge hivyo hata kwa migongo ya kawaida tu, wengi sana wakaharibikiwa na wengine kufa, na mwaka 2007 kampuni ikakiri mahakamani kwamba iliipotosha jamii kuhusu dawa hiyo. Kwaiyo kumuuliza dokta huko ulikoenda nani alilipa na nani alifundisha ni swali halali kabisa, muulize bila woga, dokta mzuri hachukii. Ila ona tofauti. Mofini ya maji aliyopewa mama ni unga umechanganywa na maji na kitu cha kuzuia isiharibike, haina kampuni inayoimiliki wala kuitangaza, hakuna wa kutajirika nayo. Na mama hana mgongo uliochoka kwa kubeba ndoo, ana kansa kwenye mifupa.

Sasa kwanini diklo na Panado vilishindwa. Kansa ikiingia kwenye mfupa inaula kidogo kidogo, na pale inapoula mwili unamwaga kemikali zinazoiamsha mishipa ya fahamu iliyo jirani, mishipa inapeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, uti unapandisha kwenye ubongo, ndo mtu anasikia maumivu. Diklo inafanya kazi kule chini kabisa, inapunguza baadhi ya zile kemikali. Ina kikomo chake, ukifika hapo ukiongeza sindano hupati nafuu zaidi, unaongeza madhara tu. Mofini inafanya kazi juu, kwenye uti na kwenye ubongo, kuna kama vitasa ambavyo Mungu aliviweka kwa ajili ya dawa za maumivu ambazo mwili unajitengenezea wenyewe, mofini inaingia kwenye vitasa hivyo hivyo na kupunguza ile taarifa isipande. Na haina kikomo kama cha diklo, maumivu yakiongezeka dozi inaweza kupandishwa taratibu na dokta. Ndo maana mtu asikutishe kwamba ikianza mapema itaisha nguvu siku za mwisho isimsaidie.

Kuna kingine ambacho watu hawakijui. Maumivu yakiachwa miezi yanaufundisha uti wa mgongo kupiga kelele, unafika mahali shuka tu likimgusa anashtuka. Hadeki, mishipa imekuwa hivo. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipoandika upya maana ya maumivu mwaka 2020 kiliweka wazi kwamba mtu akisema anaumwa neno lake liheshimiwe. Kwaiyo hapo nyumbani pimeni kwa mkono, ngumi iliyofungwa ni hamna maumivu, vidole vitano vimefunguka vyote ni maumivu yasiyovumilika, mama akuoneshe mwenyewe vidole vingapi asubuhi na jioni, wewe andika kwenye daftari. Usimkadirie kwa kumwangalia uso, kuna akina mama wanaumwa vidole vinne huku wanachambua mchele.

Ile dozi ya usiku, mwanangu, mrudishie, maadam umemkagua kama nilivyosema juu na yuko sawa. Najua uliikata kwa kumpenda. Lakini mofini ya maji inakaa mwilini kama masaa manne tu halafu nguvu inashuka, na ukisubiri mpaka aumwe ndo umpe, itachukua kama nusu saa hivi kuanza kushika na atakuwa ameshalia, na kuyatuliza maumivu yaliyopanda kunataka dawa nyingi kuliko kuyazuia yasipande. Ni kama tenki la maji hapo nyumbani, huwashi pampu siku limekauka na vyombo vimejaa kwenye karo. Watu wengi tunawapangia saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni na saa 4 usiku, na hiyo ya saa 4 usiku mara nyingi dokta anaiandika mara mbili ya zile za mchana ili mgonjwa alale moja kwa moja asiamshwe saa 8 usiku. Angalia karatasi yako, inawezekana kabisa hiyo uliyoikata ndo ile kubwa, uliiona imezidi ukaogopa. Kama iliandikwa hivo hawajakosea. Kama haikuandikwa hivo usiiongeze kwa kichwa chako, piga simu uulize. Na muulize pia kuhusu dozi ya ziada, ile ya kumpa katikati akishtukizwa na maumivu kabla ya saa yake, kila anayetumia mofini anatakiwa awe ameambiwa.

Amitriptilini, ni kweli ilianza kama dawa ya sonona na bado inatumika huko. Lakini kwa dozi ndogo ya usiku inatuliza maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuchoma kama pilipili, au kama shoti ya umeme inayoshuka mguuni, ambayo mofini peke yake huwa inahangaika nayo. Kansa ikiwa kwenye pingili za mgongo maumivu hayo ni ya kawaida. Hakuna aliyesema mama yako ana tatizo la akili. Itamkausha mdomo kidogo na kumpa usingizi, na haioneshi nguvu siku moja, mpe wiki mbili hivi kabla hujasema haifanyi kazi. Akiinuka kitandani usiku ashikwe mkono, inaweza kumpa kizunguzungu.

Sasa uteja. Mjomba amekulia Dar, ameona vijana wakiinama barabarani kwa heroini, na heroini kweli inatengenezwa kutoka kwenye mofini, siwezi kumlaumu kwa kuogopa. Lakini teja anatafuta dawa ili aondoke duniani kwa masaa mawili, anaiba, anadanganya, maisha yanaporomoka. Mama yako anapewa kwa kipimo na kwa saa ili arudi duniani, akae kibarazani, ale, aongee na wajukuu. Mwili wake utazoea dawa, hilo ni kweli, ikikatwa ghafla baada ya wiki kadhaa atapata arosto, tumbo kukata, jasho, kukosa raha, ndo maana siku ikionekana haihitajiki tena, labda baada ya mionzi, dokta anaishusha taratibu. Kuzoea kwa mwili ni kitu kingine na uraibu ni kitu kingine. Mgonjwa wa kansa anayepewa vizuri kugeuka teja ni nadra. Wa kulindwa zaidi hapo nyumbani ni hao wengine, watoto wanaoona chupa wakadhani ni juisi, na kijana yeyote mtaani anayejua mofini ni nini. Chupa ifungiwe kabatini, isikae dirishani kwenye jua, na itakayobaki irudishwe hospitali ilikotoka.

Na hili la dawa ya kufia. Limezaliwa kwa sababu ya sisi madokta, nalisema bila kuzunguka. Kwa miaka mingi tuliitoa siku mbili za mwisho, mgonjwa akifa watu wakahesabu ni mofini imemmaliza. Cicely Saunders, aliyeanza kama nesi kisha akawa dokta na kufungua hospisi, yaani nyumba ya kutunza wagonjwa wasiopona, ya St Christopher's London mwaka 1967, alionesha kwamba ukiitoa mapema na kwa saa mgonjwa anakaa macho na anaishi siku zake. Jirani zetu Uganda Dk Anne Merriman alianzisha hospisi mwaka 1993 kwa mofini ya maji kama hiyo ya mama yako, na tangu 2004 sheria yao inawaruhusu manesi na maofisa tabibu waliosomea kuiandika. Watu wanaitumia miezi, wengine miaka, wanaenda msikitini na kanisani nayo.

Usingizi wake nadhani ni mambo mawili. Mofini inasinzisha siku za mwanzo na mwili unazoea ndani ya siku chache, na amitriptilini nayo inachangia. Lakini we mwenyewe umesema alikuwa analia usiku kucha. Kuna deni la usingizi la miezi hapo, analipa. Kama kuanzia leo kila siku anakuwa macho zaidi kidogo, mwache alale. Kama kila siku anazidi kuzama, au anaanza kushtuka shtuka mikono na miguu, au anaongea na watu wasiokuwepo, hapo dawa imezidi kwake na dokta ajue siku hiyo hiyo. Na asichanganye na vidonge vya usingizi wala pombe yoyote.

Hapa naomba unisikilize vizuri maana ndo penye wasiwasi wangu kwenye swali lako. Sindano za diklo karibu kila siku kwa muda mrefu zinaumiza figo na kutoboa ukuta wa tumbo, na mofini ikishavunjwa mwilini mabaki yake yanatolewa na figo. Figo zikiwa zimechoka mabaki yanajikusanya, na dozi iliyokuwa sawa siku ya kwanza inakuwa kubwa siku ya tano. Sijui kama alipimwa, hukusema. Piga simu kesho asubuhi muulize dokta, figo za mama zimepimwa? Ni kipimo cha damu tu. Na usimrudishe kwenye diklo ya mtaani kwa kisingizio chochote, akiona choo cheusi kama lami au akitapika kama maji ya kahawa ni tumbo linavuja damu, ni hospitali.

Choo. Siku nne ni nyingi na hili lisingetokea, mofini inafunga choo kwa karibu kila mtu na mwili hauzoei hili kama unavyozoea usingizi, kwaiyo dawa ya kulainisha choo kama bisakodili au sena huandikwa siku moja na mofini. Pengine dokta alisahau, pengine iliandikwa mkaona si muhimu mkaiacha duka la dawa. Papai, maji na kutembea kidogo vinasaidia ila havitoshi peke yake. Kesho ukipiga simu hili liwe la kwanza kabisa, maana wagonjwa wengi wanaacha mofini kwa sababu ya tumbo na si kwa sababu nyingine, wanarudi kulia. Kama tumbo limejaa gumu na anatapika usisubiri kesho.

Kuna njia nyingine ambayo nataka muiulizie, mionzi. Kwa kansa iliyoingia kwenye mfupa, mara nyingi hata kupigwa mara moja tu sehemu inayouma kunapunguza maumivu kwa wagonjwa wengi, nafuu haiji siku hiyo, inakuja ndani ya siku kadhaa mpaka wiki chache, na hapa Dar hospitali ya kansa ya Ocean Road wanatoa. Haiponyi kansa na sitaki uingie na tumaini hilo. Ila inaweza kumfanya mama atumie mofini kidogo kuliko sasa. Kwenda na kurudi kutoka Mbagala na mgongo ule ni safari ya mateso, kwaiyo mpe dozi yake kabla ya kutoka, mkodi gari au bajaji, msimpandishe daladala.

Mjomba nenda naye kliniki. Usibishane naye nyumbani mbele ya mgonjwa, mwambie anko twende tukamsikilize dokta wote, na maswali yake ya posho ayaulize mwenyewe. Mara nyingi yule aliyepinga sana akishaeleweshwa ndo anakuwa mlinzi wa saa za dawa.

Sasa ile ya miguu. Kansa iliyo kwenye pingili inaweza kuubana uti wa mgongo. Mama akianza kusema miguu mizito, anajikwaa, ganzi inapanda kutoka nyayo, mkojo hautoki au unajitokea wenyewe, au maumivu ya mgongo yamebadilika ghafla yakawa kama mkanda unamzunguka, hiyo ni dharura ya masaa, si ya kusubiri kliniki ya Jumatatu. Mlazeni chali, mpeni mofini yake kama ilivyopangwa, mpelekeni hospitali kubwa na mseme hivi hivi mlangoni, ana kansa ya mifupa ya mgongo na miguu imelegea leo. Ikiwahiwa akiwa bado anatembea, wengi wanaendelea kutembea. Miguu ikishalala kabisa siku kadhaa, kuirudisha ni vigumu.

Kama kwa sasa miguu ina nguvu, mkojo unatoka na akiitwa anaitika, basi saa 4 usiku ikifika vuta dozi yake kwa sirinji, aimeze akiwa amekaa, uandike kwenye daftari saa na vidole alivyokuonesha. Simu ya dokta ni saa 2 asubuhi, choo kwanza, figo pili.